Tairi Lilikuwa Juu ya Kabro

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Sitaki kukudanganya, mengine yake nimeyasahau: sikumbuki nilivaa shati gani, wala kama kulikuwa na upepo. Lakini tairi la mbele la pikipiki yangu lilikuwa wapi, hilo nalikumbuka mpaka leo, na ndilo ninalotaka kukuandikia.

Juzi mlikuja nyumbani, wewe na vijana wenzako wa steji ya bodaboda, mkaniomba niende kituo cha polisi niwasemee wenzenu watatu waliokamatwa wakiendesha pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu. Yule mrefu wenu akaniambia, "Mzee, barabara imejaa malori, sasa sisi tupae? Na hiyo ya kando imelala tu." Mwingine akadakia, "Hata punda wa maji anapita huko, na hana leseni." Nilicheka pamoja nanyi. Punda anapita kweli, na kile kipande cha njia ya baiskeli wenye matikiti wamekigeuza soko. Sisemi hamna hoja, wala sisemi kila askari ni malaika. Lakini niliwaambia nitafikiri. Sijui hata kama nimefika umri wa kuitwa mzee. Ndevu nimeanza kuzipaka hina mwaka huu. Shule niliishia darasa la sita, na mbele ya watu maneno hunikimbia. Kalamu hunivumilia kidogo.

Nilikuwa kijana kama nyinyi, nikiendesha bodaboda hapa hapa Garissa. Kabro, yale matofali ya saruji yaliyotandazwa kando ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu, zilikuwa mpya. Kabla yake palikuwa mchanga mtupu, kila mtu akipita anapotaka, mbuzi, mtu na gari. Kwa hiyo kabro zilipokuja tulidhani ni barabara nyingine tumeongezewa. Sheria ilikuwepo na tuliisikia. Tuliisikia kama mtu anavyosikia jirani akikohoa.

Ijumaa ile adhana ya sala ilikuwa imekwisha na mimi nimechelewa. Mbele yangu lori la mbuzi lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, dereva ameliacha akaenda kuswali. Ningeweza kuzima pikipiki nikaisukuma hatua thelathini. Ningeweza kungoja. Nikapanda kabro.

Mbele yangu alikuwa Ayeyo Dahabo. Ayeyo kwa Kisomali ni bibi, na mama huyu tulimwita hivyo mji mzima, kwa sababu alituuzia maziwa ya ngamia tangu tukiwa wadogo. Alikuwa anatembea peke yake, jerikeni mkononi, akimpelekea mteja. Honi niliipiga. Nasema hili kwa haki yangu, lakini sioni kama linanisaidia, maana honi kwenye njia ya mtu ni kama kuingia nyumbani kwake ukipaza sauti ahame. Alisikia, akageuka, akageukia upande nilioutaka mimi. Usukani ukanasa jerikeni, maziwa yakamwagika kwenye kabro, naye akaanguka kutoka kwenye ukingo mpaka chini, kwenye lami.

Hakukuwa na mtu. Wanaume walikuwa msikitini, maduka yamefungwa. Walipotoka walimkuta amelala barabarani, nami nimepiga magoti kando yake, pikipiki nayo imeangukia lamini. Mmoja akauliza, "Ameshuka barabarani ghafla?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ni neno moja tu, mwanangu. Hata sikulitunga mimi, nililetewa, nikalipokea. Lakini mpokea cha wizi naye ni mwizi.

Nyonga ilivunjika. Wazee wa pande mbili walikaa siku ya pili, kama ilivyo kwetu, na jambo likaisha haraka kuliko nilivyotarajia. Mwanawe mkubwa, Noor, mtu mpole sana, alisema hiyo ni kadari ya Mungu na mama yao amezeeka, haangalii anapokanyaga. Upande wetu ukachukua gharama za matibabu. Tukasoma Fatiha. Wote walinipa mkono.

Kwa upande wetu alikaa Abti Gedi, kaka yake mama yangu. Kwetu mjomba ni abti, naye mpwa wake humwita abti vilevile. Siku ile hakusema sana. Baraza lilipovunjika akanishika kiwiko, tukatembea mpaka pale mahali. Juu ya kabro palikuwa na weupe uliokauka, umeshuka katika mianya mpaka ukingoni, ukaishia kwenye lami.

"Abti," akaniuliza, "maziwa yanapanda?"

"Hapana."

"Nami sijawahi kuyaona yakipanda."

 Kisha akasema, "Umechunga wewe. Kisimani, ngamia unamwachia birika la kunyweshea mbuzi?"

"Hapana, abti. Anazuiwa mpaka mbuzi wamalize."

"Kwa nini? Ngamia ni mwovu?"

"Si mwovu. Ni mkubwa. Atawakanyaga wanambuzi bila hata kujua."

"Sasa wewe na hiyo injini yako ulikuwa unafanya nini kwenye birika la mbuzi?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema barazani ikiwa aliyaona maziwa. Akanijibu, "Nilikuwa nakungoja wewe." Nimejiuliza mara nyingi kama naye hakukosea. Pengine alitaka kunifundisha uanaume, na somo langu likalipiwa na mtu mwingine. Mungu amrehemu, simhukumu. Lawama ya kwanza ni yangu, na ya pili pia.

Nikamwahidi nitasema kesho. Kesho yake nikaenda hospitali na tende, nimejitayarisha. Nikamkuta Noor kando ya kitanda anamwambia mama yake, kwa upole uleule, "Hooyo, si tulikukataza kushuka barabarani?" Na mama anajibu, "Sikushuka. Nilikuwa juu." Noor akanitazama na kutikisa kichwa kidogo, kama watu wazima wanavyotazamana juu ya kichwa cha mtoto. Ayeyo akanigeukia. Macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Kijana, wewe ulikuwepo. Nilishuka mimi?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi namna ile. Nikasema, "Tulia, ayeyo. Mungu atakuponya."

Ule wa barabarani ulikuwa uongo wa hofu, na hofu binadamu anaweza kuielewa. Huu wa hospitali sina jina lake. Nilimuona akitazama dari, kisha akasema taratibu, "Labda nilishuka. Labda sikumbuki."

Toka siku ile kila siku nilisema kesho. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu yalikuwa yanamuumbua mwingine. Watoto wake walianza kumchunguza. Akiuliza jambo mara mbili, wanatazamana. Akisahau kanga alipoiweka, wanasema, mnaona? Hawakuwa watoto wabaya. Walimpenda, na walikuwa wanaamini nilichowaambia. Mwisho wakaamua mji haumfai tena mtu ambaye akili yake imeanza kuondoka, wakampeleka kwa binti yake Shamsa, Habaswein. Mahali pake pa kuuzia maziwa, alipokaa miaka mingi kuliko umri wangu, wiki ile ile pakachukuliwa na mwingine.

Habari ile niliipata stejini. Abti Gedi hakuniuliza kitu. Alikuwa ameacha kuniita abti. Alinitaja kwa jina tu. Siku ya tatu nikapanda basi la Wajir, nikashuka Habaswein.

Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka mlangoni, mto chini ya nyonga. Shamsa alikuwa anachuja chai. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Ayeyo, hukushuka. Ulikuwa juu ya kabro. Mimi ndiye niliyepanda na pikipiki."

Hakulia wala hakunitukana. Akasema, "Shamsa, weka hiyo chai chini. Njoo usikie." Kisha kwangu, "Sema tena."

Nikasema tena. Akamtuma Shamsa amwite mumewe. Nikasema mara ya tatu. Akataka aitwe jirani, mama mmoja aliyekuwa amekuja kumsaidia kuoga, nikasema mara ya nne. Kila nikisema alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

"Noor alikuwa akiniuliza majina ya watoto wangu," akaniambia. "Kila asubuhi. Anataka kuona kama nimemsahau mmoja. Nikawa kabla hajaja nayasoma mwenyewe moyoni, nisije nikakosea. Watoto niliowazaa mimi."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Mguu nimekusamehe siku ile ile. Hili lingine, ningoje kidogo." Nikaona ni haki. Sijui kama alipata kulimaliza. Sikuthubutu kumuuliza tena, na pengine hilo nalo ni kosa.

Nikarudi Garissa kwa Noor. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akasema tu, "Nilimfanya mama yangu mtoto." Akaenda Habaswein kumchukua. Mama akakataa kurudi. Alisema nyonga haitaivumilia njia, na ilikuwa kweli, lakini nadhani aliona pia kwamba hana tena pa kukaa hapa mjini. Alifariki kabla ya mvua. Kaburini Noor alinipa sepetu nitupe udongo pamoja nao. Sikustahili, nikaipokea.

Ndiyo sababu, mwanangu, siendi kituoni kuwasemea wenzenu. Si kwamba nawachukia. Walipe kile sheria inachotaka, watoke, na wakitoka waje nyumbani tunywe chai. Sheria inasema pikipiki isipande njia ya miguu wala ya baiskeli. Mimi sheria siijui vifungu vyake, lakini naijua sababu yake, maana nilivunja nyonga ya mtu. Njia ile iliachwa ili awepo mtu mmoja mjini asiyelazimika kugeuka nyuma: mwenye mimba, kipofu, mtoto wa madrasa, bibi na jerikeni lake. Akianza kugeuka kila hatua, tumemnyang'anya njia yake.

Kwa hiyo shika haya kutoka kwa mtu asiyejua mengi. Barabara ikiziba, ngoja. Usipoweza kungoja, zima injini, shuka, sukuma. Ukiwa kwa miguu nawe ni mtu wa kabro, hakuna atakayekukataza. Wakikucheka kwa kusukuma, wacheke. Honi yako usiifanye ruhusa. Na ikiwa siku mbaya itakukuta, Mungu apishe mbali, wakakuuliza tairi lilikuwa wapi, sema lilipokuwa, saa ile ile, kabla mtu hajakuletea neno jepesi la kulipokea. Wazee wetu wanasema msema kweli hutoa aibu nje. Itoe. Ikikaa ndani haikai kwako peke yako; inaenda kulala kwa mtu asiye na kosa.

Mungu awafikishe wanangu kila mnakokwenda, na kila mliyempita njiani afike kwake salama. Akuzeesheni na akili zenu timamu, na akuwekeeni watu watakaoyaamini maneno yenu mtakapokuwa wazee. Amin.