Nondo ya Dirisha Mdomoni mwa Farasi

Mie nimesoma mpaka darasa la tatu, nikatoka. Sikufukuzwa. Nilitoka mwenyewe, kwa sababu mwalimu alikuwa ananipiga na hasemi kosa. Nikatoka Usukumani nikaenda mpaka shamba moja la Wazungu chini ya Mlima Meru, nako nikapigwa, ila kule angalau nilikuwa napewa chakula. Nyapara wa mabanda alikuwa na kiboko kimoja kwa farasi na kwa sisi. Alichonifundisha ni hiki: farasi ana nguvu kuliko wewe, kwa hiyo muumize mapema, asahau kwamba ana nguvu.

Neno hilo nililishika miaka arobaini. Kwa neno hilo nilifika Dar, nikatunza farasi wa matajiri kule Msasani, nikanunua kiwanja Madale wakati Madale bado mikorosho na nyoka. Nilijenga banda la farasi watatu kabla sijaweka bati kwenye nyumba ya kulala. Leo wapo waliosoma mpaka macho yakachoka, wananiamkia shikamoo na kuniomba farasi wa kumbebea bwana harusi. Nasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyetengenezesha chuma kile.

Farasi mwekundu nilimpata kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Hawakusema kwa nini alikuwa hajapandwa mwaka mzima, na mie sikuuliza. Niliona kifua, nikaona mapaja, nikajua nimepata.

Wiki ya kwanza tu, tukiwa tunashuka mteremko wa kuelekea Tegeta, lori la mchanga likapumua breki nyuma yetu. Farasi akachomoka. Kuna farasi anayekimbia, na kuna farasi anayechomoka. Anayekimbia bado yuko na wewe. Anayechomoka hayupo na mtu, hasikii wala haoni. Nilivuta hatamu kwa mikono yote miwili, nikajiegemeza nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe shimoni, naye akazidi. Tulipita katikati ya bodaboda, tukapita meza ya mama muuza nyanya, mwisho akanirusha kwenye kokoto za mtu anayejenga. Mtulinga ukavunjika. Niliusikia ukilia kama kijiti.

Nilirudi nyumbani mkono ukiwa umefungwa na khanga. Kwa mkono mzima uliobaki nilimfunga yule farasi kwenye nguzo, nikamchapa mpaka nikachoka. Nilikuwa nalipa deni la kokoto, na nililipa lote.

Saisi wangu, yaani mtu ninayefanya naye kazi ya kuwatunza farasi, ni Mngoni wa Songea, mtu mzima kama mie. Zamani alikuwaga anachonga vinyago pamoja na Wamakonde pale Mwenge, mpaka macho yakaanza kumsumbua. Sisi Wasukuma na Wangoni ni watani. Asiyejua utani nitamweleza kwa ufupi: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na wewe ukacheka. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umekosa wewe, na faini anachagua yeye.

Siku ile aliniangalia nikihema na fimbo mkononi, akasema, "Mtani, babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka ziwani. Huyu farasi anaigiza tu alichokiona kwenu." Nikacheka. Bega likaniuma kwa kicheko.

Mara ya pili ilikuwa harusini. Bwana harusi kavaa kanzu na joho, kakaa juu kama mfalme, mimi nimeshika kamba pembeni. Tumekaribia ukumbi, watu wa matarumbeta wakapuliza wote kwa pamoja mgongoni mwetu. Kamba ilinichuna ngozi ya kiganja ikapita. Farasi aliingia kwenye viti vya wageni, akapasua turubai, bwana harusi akaanguka na mguu mmoja bado uko kwenye kikuku cha tandiko. Aliburutwa kama gunia. Kiatu kilipochomoka ndipo akabaki chini, mkono umegeukia upande usio wake, kanzu nyekundu kwa damu. Bibi harusi alinipiga kwa shada la maua usoni, na sikumzuia.

Kesho yake alikuja mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kijana mwenye adabu, umri wa mwanangu wa mwisho. Alikataa kukaa. Alisema, "Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu. Lakini nakupa miezi miwili. Ikiisha, utampitisha barabarani mbele yangu, tarumbeta likilia. Akichomoka ukashindwa kumsimamisha, naita wenye bunduki, tunammaliza pale pale."

Nilimwambia atasimama. Sikumwambia kwamba usiku wote nilikuwa nawaza mzoga wa farasi wangu barabarani, na watoto wanauzunguka, na watu wanasema ni wa yule mzee anayejifanya anajua farasi. Angekufa yeye, na jina langu lingezikwa naye.

Ndipo nikaenda kwa fundi mageti wa Tegeta.

Farasi anaongozwa kwa lijamu, chuma kinachopita mdomoni mwake juu ya ulimi, hatamu zikafungwa huku na huku. Kuna lijamu nene na laini, kuna nyembamba zinazokata. Mie niliona zote za dukani ni za kubembeleza. Nikachagua nondo nyembamba ya pembe nne, ile wanayoisokota kwa grili za madirisha. Nikamwambia fundi aikate, aichomelee pete mbili. Akauliza ni ya dirisha gani dogo hivyo. Nikamwambia ni ya mlango wa mwizi.

Mtani wangu aliipokea, akaipitishia kidole gumba kwenye ile misokoto, taratibu, kama alivyokuwa akipima mpingo. Akaniuliza kama na mke wangu namlisha kwa kijiko cha namna hii. Nikamwambia afunge tandiko.

Sikutoka nje ya geti. Nilipanda uani, na sikupata hata hatua kumi. Nilipovuta mara ya kwanza, alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa farasi, kama mlango wa chuma unaoburutwa sakafuni. Akatupa kichwa juu kikanigonga pua. Kisha akachomoka ndani ya ua wangu mwenyewe, uwanja usiotosha hata gari kugeuza, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa matofali. Hakujaribu kukwepa. Alijua ukuta uko pale na aliutaka ukuta kuliko mikono yangu. Tofali za juu ziliporomoka, mimi nikaporomoka nazo, na yeye akapiga magoti, akainuka, akasimama anatetemeka. Povu linamtoka mdomoni, na povu lenyewe jekundu kama juisi ya rozela.

Nilinyanyuka na damu ya pua mdomoni. Pembeni palikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia, ule mzito. Nikaanza kumpiga nao, shingoni, masikioni, popote. Mke wangu alikuwa anapiga kelele mlangoni na simsikii. Mtani akaja akanishika mkono.

Hakutania. Alisema, "Mtani, tosha. Wewe ndiye unayemkimbiza."

Nikampiga. Ule mpira nilimpiga nao usoni, kwa nguvu zile zile nilizompigia farasi. Alikaa chini, akatema mate, na ndani ya mate mlikuwa na jino.

Nimepigana sana katika maisha yangu na sijutii mengi. Nimewahi kumvunja mtu mbavu kwenye stendi kwa sababu ya mzigo wangu, na leo nikimwona nitamsalimia vizuri. Lakini kumpiga mtani si ugomvi. Kwetu ni kama kumpiga mtu aliyebeba jeneza.

Yeye akaokota jino lake, akalifuta kwenye shati, akaliweka mfukoni. Halafu akamwendea farasi, akamsemesha Kingoni, akamvua ile nondo taratibu. Akaingiza vidole pembeni ya mdomo, pale ambapo farasi hana meno, kati ya meno ya mbele na magego. Alivipitisha huku na huku, macho yamefumbwa.

Akasema, "Njoo. Leta mkono wako."

Nikaleta. Ulimi ulikuwa umechanika nusu ya unene wake. Hiyo ilikuwa kazi ya nondo. Lakini mbele ya magego, chini ya ufizi, kidole changu kilikuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya mahindi, na farasi alipoguswa hapo aliruka karibu anivunje mkono. Kijino. Farasi wengine huwa nacho, na mie nilijua huwa nacho. Kila lijamu aliyowahi kuvaa ilikuwa inagonga hapo, na kila aliyevuta amsimamishe alikuwa anamtonesha kidonda. Miaka arobaini ya farasi, na sikuwahi kuingiza kidole mdomoni mwa huyu. Nilikuwa nimeangalia mapaja tu.

"Sasa faini," mtani akasema. Shavu lilikuwa limeshaanza kuvimba. "Sitaki kuku wala mbuzi. Hii nondo ivae wewe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa haki yake yote, maana hapo ndipo utani ulipo. Mie ni mzee wa wajukuu tisa. Ukuta umeanguka, majirani wamejaa kwenye tundu wanaangalia. Ningekataa, ningekuwa nimevunja utani mara mbili.

Nikapiga magoti, nikapanua mdomo. Aliiosha kwanza kwenye ndoo, akaniwekea, akasimama nyuma yangu na hatamu mkononi. Alivuta kwa vidole viwili tu. Misokoto ikapanda juu ya fizi za chini, pale nilipong'oka meno, na nikaona mwanga machoni. Na hiki ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu hakuna nyapara aliyewahi kunieleza: sikutaka kusimama. Aliyevuta yuko nyuma, maumivu yako mdomoni, na mwili wote ukaniambia nenda mbele, kimbia, toka. Nilipiga hatua tatu kwa magoti kuelekea geti kabla sijajua nafanya nini.

Mke wangu, pale pale mlangoni, akasema, "Mvute tena, shemeji."

Hakunivuta tena.

Daktari wa mifugo alikuja akamchoma sindano ya ganzi, akaking'oa kile kijino. Ulimi tuliuacha upone. Mwezi mzima hakuwekewa chuma, alivaa kamba ya kichwani tu, na mie nilitembea naye kwa miguu kama mtu na mbuzi wake wa Idi. Watu wa Madale walicheka, na niliwaacha wacheke.

Kisha tukachagua lijamu. Mtani alipima mdomo kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, akakitia alama kwa kisu kila upande, na tukagundua ile nondo ilikuwa fupi kwa upana wa kidole, ilikuwa inambana mashavu pia. Tuliazima lijamu kwa watu wa farasi wa Msasani. Ya kwanza, yenye kiungo kimoja, ilipovutwa ilikunjana ikasukuma kaakaa, akainua kichwa. Tukaitoa. Ya mpira, nene mno, hakuweza kufunga mdomo. Ya tatu ilikuwa laini, unene wa kidole gumba, ina viungo viwili na kipande cha bapa katikati kinacholala juu ya ulimi. Tulimvisha, tukaipandisha mpaka mikunjo miwili ikatokea kwenye pembe za mdomo. Alianza kuitafuna polepole, mate meupe yakamtoka. Mtani akasema, "Huyo anakula ugali." Ndiyo tuliyoibakiza.

Mikono yangu ilikuwa kazi ngumu kuliko mdomo wake. Akianza kuchomoka usivute pande zote mbili, maana utakuwa umempa kitu cha kushindana nacho. Unaachia upande mmoja, unavuta mwingine kwa ndani, anazunguka, duara linakuwa dogo, na akipunguza tu, unaachia papo hapo. Kuachia ndiko kulikonishinda. Mtani alikuwa anasimama katikati ya kiwanja na kila nilipokaza anagonga kwa kidole shavu lake, lile la upande wenye pengo. Anagonga tu. Mpuliza tarumbeta tulimleta pia, akawa anapuliza mbali kidogo wakati farasi anakula pumba, kila siku anasogea.

Siku ya mwenyekiti, tulitoka barabarani saa nne asubuhi. Tarumbeta lililia karibu na duka moja, farasi akachezesha masikio akapita. Nikaanza kujisikia. Hapo hapo lori la mchanga, ambalo hakuna aliyelialika, likaja nyuma yetu likapumua breki.

Akachomoka. Mikono yangu ilikumbuka nyapara, nikaihisi inakaza yote miwili. Nikaona pembeni ya jicho mtani anagonga shavu lake. Nikaachia kushoto. Ilikuwa kama kuachia mti ukiwa juu yake. Nikavuta kulia kwa ndani, tukazunguka rundo la matofali ya mtu, duara kubwa, duara dogo, la tatu anatembea. Nikaachia yote. Akasimama, mbavu zinacheza, anatafuna chuma chake.

Mwenyekiti alikuja taratibu. "Amekimbia, mzee," akasema.

Nikamwambia, "Amekimbia. Na amesimama."

Mwenyekiti akasema hataita bunduki, lakini bwana harusi asipande tena juu ya mgongo ule maadamu yeye ni mwenyekiti. Nilitaka kubishana. Sikubishana.

Mwekundu yuko bandani mpaka leo. Tunapanda mimi na mtani tu. Ile nondo tuliitundika kwenye msumari mlangoni. Nilitaka kuitupa, mtani akakataa, akasema ni mali yake kwa sababu aliilipia jino. Ana mpango nayo. Kwetu mtani ana kazi msibani: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema aliyokuwa akisema, mpaka wafiwa wacheke. Ameshaniambia kwamba siku yangu ataivaa ile nondo mdomoni mbele ya watu wote, apige hatua tatu kwa magoti kuelekea geti. Na mie nitakuwa nimelala pale, siwezi kumpiga.