Kiswahili cha Mama

Juzi, ndugu yangu, nilipita mtaa wa Mlandege, Iringa, nikafika pale ilipokuwa zahanati. Sasa ni safu ya maduka. Nilikusudia kupita tu, lakini miguu iligoma.

Tulihamia Iringa miaka ya hamsini, tukitokea upande wa Uyole, baba alipopata kazi ya useremala. Nyumbani tulisema Kisafwa. Kiswahili nilifundishwa shuleni, na nilikiogopa, maana mwalimu alimsimamisha mbele aliyekosea ili darasa zima limcheke. Nikajizoeza kunyamaza. Mama alikiokota sokoni, akinunua ulezi na dagaa, akikosea kwa sauti kubwa bila haya. Mimi nilitembea nyuma yake kwa mbali, nikijifanya simjui.

Asubuhi moja mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa iliyoachwa karibu na mafiga. Baba alikuwa kazini. Mama alimkumbatia, tukakimbia kwenye baridi ile hadi zahanati.

"Mtoto ana nini?" mganga akauliza.

Mama akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa msomi. Lakini sikuwa na hakika kama niseme "amekunywa" au "amenywa," na foleni nzima ilikuwa inanitazama. Mdogo wangu akakohoa, macho yakamgeuka, nami nimesimama tu.

"Bwana mganga!" mama akapiga kelele. "Mtoto yangu anakula taa! Anakula taa!"

Watu wakaangua kicheko. Mganga hakucheka. Alimnusa mtoto mdomoni, akamnyakua, akaingia naye ndani.

Alipona, ingawa kifua kilimsumbua muda mrefu. Jioni, mama akikoroga uji, aliniuliza kwa Kisafwa, bila hasira: "Mwanangu, ulikuwa unangoja maneno yavae nguo kwanza?"

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiswahili, na darasani kwangu hakuna mtoto aliyechekwa. Mama, katika ugonjwa wake wa mwisho, Kiswahili chote kilimtoka. Akabaki na Kisafwa, ambacho mimi nilikuwa nimekiacha kikachakaa. Aliomba kitu, mara tatu. Sikuelewa. Nikajaribu kumjibu, nikaboronga vibaya. Akacheka kidogo, akanirekebisha neno moja, akafumba macho.

Alichokuwa akiomba sijakijua mpaka leo. Neno la ombi lake nalikumbuka nusu tu, na wa kumuuliza sina.