Ndama Chini ya Gari la Baba

Bisibisi ya fundi iliingia kwenye chesisi hadi kwenye mpini, bila kelele, kama kisu kinavyoingia kwenye papai lililoiva. Hakuwa ameigonga kwa nyundo. Aliisukuma tu kwa kiganja, akanitazama, akaichomoa, na unga mwekundu ukamwagika juu ya nyasi. Akasogea kidogo, akachoma tena. Ikaingia tena.

"Mzee," akasema, "hii imekuwa chapati. Ukishika tu inafunguka."

Nilitaka kumjibu kwamba chapati huliwa, lakini hii ndiyo inayonila mimi. Tulikuwa nyumbani kwangu Uriri, gari la marehemu baba, jipu kuukuu, likiwa limeinuliwa juu ya magogo, na mimi nilikuwa na ahadi shingoni. Dada yangu mkubwa aliolewa Kendu Bay, na huko ndiko amezeekea. Desemba tungekuwa na ibada ya kumkumbuka baba, nami nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba nitakwenda kumchukua kwa gari lile lile, na kwamba safari hii yeye atakaa kiti cha mbele. Usicheke, rafiki yangu. Ngoja nikueleze kiti hicho kilikuwa nini.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki wa chumvi. Jipu lake lilishuka Sori, ufukweni mwa ziwa, kwa barabara ya mawe na kurudi limejaa magunia ya ngege waliopasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa juani. Wakati wa mvua hawakukauka sawasawa, kwa hiyo magunia yalivuja njia nzima. Nyanya alikuwa akisema gari hilo halihitaji honi, kwani pua za watu wote zilijua limefika wapi. Baba alikaa kwenye usukani, nami nilikaa kando yake, kwa sababu nilikuwa mvulana. Dada, aliyenizidi umri na akili, alikaa nyuma juu ya magunia, ameshika chuma kwa mikono miwili. Aliposhuka, gauni lake lilikuwa jeupe kwa chumvi. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi sikuona kabisa. Nilikuwa nikigeuka na kumpungia mkono kupitia kioo kidogo cha nyuma, kama mtu mkubwa anayeaga raia.

Gari likisimama uani, kabla hata injini haijapoa, ng'ombe walikuwa wamefika. Walipiga magoti na kuingiza vichwa chini ya gari, wakalamba chesisi, wakalamba springi, wakalamba hata matairi. Ulimi wa ng'ombe juu ya chuma una sauti yake, kama mtu anayekwangua chungu. Sisi tulikufa kwa kicheko. Nyanya hakucheka. Yeye alizaliwa upande wa Kendu Bay, ambako wachungaji huwapeleka mifugo kulamba bala, ule udongo wenye chumvi, na alijua kwamba ng'ombe halambi kitu cha bure. Chumvi ikibaki kwenye chuma, alimwambia baba, itakula gari lako ukiwa umelala. Baba alimsikia. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya boma: gari likirudi, lioshwe chini kwanza, na hakuna kula mpaka nyanya aridhike.

Kazi hiyo ilikuwa yangu na dada. Maji yalitoka mtoni kwa punda. Tulitandika magunia, tukalala chali chini ya gari, tukasugua kwa magunzi ya mahindi, matope yakitudondokea machoni na maji baridi yakiingia makwapani. Lakini nje haikuwa shida. Chesisi ya jipu ni chuma kirefu kilicho wazi ndani kama mwanzi, na chumvi ilipenda kujificha humo. Kwa hiyo mmoja wetu alipanda juu ya madigadi akiwa na debe la maji, na mwingine alichomeka tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye tundu la chesisi, maji yakapita tumboni mwa chuma na kutokea upande wa pili, mekundu, kisha ya udongo, kisha safi.

Halafu nyanya alikuja na mtihani wake. Alimfungua ndama, yule mwenye njaa zaidi, akamwelekeza chini ya gari. Ndama akinusa na kwenda zake, tulikuwa huru, na jikoni kulikuwa na ugali wa mtama na mchuzi wa vichwa vya samaki ambao bado naota harufu yake. Ndama akitoa ulimi, tunarudi mtoni. Nililia mara nyingi. Nilisema ndama ananionea, nilisema ni mlafi, nilisema dada hakusugua upande wake. Nyanya alitusikiliza hadi mwisho na kujibu neno moja tu, siku zote: "Ndama hana sababu ya kukudanganya."

Baba alipofariki, gari likawa langu. Hapo tayari nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijiona nina haraka. Niliendelea na samaki, lakini kuosha kulinichosha. Nilifanya kama wengine walivyofanya ufukweni: niliingiza gari ziwani hadi maji yafike kwenye ekseli, nikarusha ndoo chache ubavuni, likang'aa, nikaondoka. Ndani ya chesisi mchanga na tope vililala juu ya chumvi vikaifunika vizuri, kama blanketi. Ng'ombe wangu waliendelea kulamba. Nikanunua rangi nyeusi ya lami, ile nzito inayonuka, nikapaka chini yote, juu ya tope, juu ya kutu, juu ya kila kitu. Kazi ilinichukua asubuhi moja. Gari lilipendeza hata nikawaita majirani waje walitazame mgongoni na tumboni.

Dada alikuwa amekuja nyumbani wiki hiyo. Aliinama, akatazama, akaniambia nimlete ndama. Nilimleta kwa furaha. Ndama alinusa lami, akapiga chafya, akaondoka mbio.

"Umeona?" nikasema. "Safi."

"Amekataa lami," dada akasema. "Hujui kama amekataa chumvi."

Nilimcheka. Nilimwambia mambo ya nyanya yamepitwa na wakati, kwamba sasa kuna dawa ya dukani. Rafiki yangu, kama ningeweza kurudisha kicheko kimoja tu maishani mwangu, ningerudisha hicho.

Sasa turudi kwa fundi na bisibisi yake. Alikwangua ile lami, na kila ilipotoka, chuma kilitoka nayo. Alisema rangi ndiyo iliyokuwa imeshika gari. Akajaribu kuchomelea kiraka. Moto ulitoboa tundu kubwa kuliko lile alilotaka kuziba. Akakata nyuma zaidi kutafuta chuma kizima, akakata tena, akakata tena, hadi nikamuuliza kama anatengeneza gari au anapunguza. Kila boliti aliyoigusa ilikatika shingo. Alipoinua gari kwa jeki upande wa kulia, jeki ilipanda na gari likabaki pale pale. Mlango wa dereva uliacha kufunga, kwa sababu gari lilikuwa limepinda katikati kama punda aliyebebeshwa mahindi ya kijiji kizima.

Ushauri nao ulinimaliza. Mmoja alisema nimwagie oili chafu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alishauri tujaze chesisi simenti, na alieleza kwa utulivu mkubwa, akichora kwa kijiti mchangani. Aibu yangu ni kwamba usiku ule niliiwaza ile simenti kwa makini.

Kisha nikasikia kuna chesisi ya gari kama hilo Homa Bay, nyuma ya gereji moja. Mwenyewe alinihakikishia kwa simu kwamba iko sawa kabisa, haijaguswa. Nikaenda. Kweli haikuwa imeguswa. Ilikuwa imelala kwenye majani karibu na maji tangu mwenye gari alipoiacha, na mti wa mwitu ulikuwa umeota ndani ya tundu moja na kutokea kwenye lingine. Niliigonga kwa ufunguo wa nyumba yangu. Ufunguo ulipita. Yule bwana akaniambia, bila aibu, kwamba hapo ni ngozi tu, ndani ni nzima. Nilikumbuka lami yangu, nikageuka nikarudi nyumbani.

Dada alikuwa akipiga simu kila jioni. Ananiita owadwa, yaani ndugu yetu, lakini analivuta lile neno hadi linakuwa tusi. "Owadwa, kiti changu kinaendeleaje?" Nilimwambia tuko karibu. Akasema hata mwenye magoti kama yake angekuwa ametembea akafika. Siku fundi aliponiita pembeni na kuvua kofia, nilijua. Alisema anaweza kuendelea na kazi hii na kunitoza miezi mingi, lakini hawezi kuweka mama ya mtu ndani ya gari hilo barabarani, wala dada yake. Nikamwambia alikate vipande.

Nilimpigia dada mwenyewe. Nilimwambia hakuna gari, na kwamba kosa ni langu, si la gari wala la barabara wala la fundi. Nilitarajia anikumbushe ndama. Akauliza tu, "Na kiti je?"

Kiti kilikuwa kizima. Kati ya gari lote, kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimepona, ngozi yake imepasuka lakini springi bado zinaruka. Siku ya ibada dada aliletwa na gari la mwanawe. Nilikuwa nimekiweka kile kiti uani, kikitazama njia ya kwenda Sori. Alishikwa mkono, akazunguka akakitazama, akakaa polepole. Akajipangusa gauni kama vile lina chumvi. Wageni hawakuelewa ni kwa nini mimi nilikwenda kusimama nyuma yake.

Ng'ambo ya ua vipande vya chesisi vilikuwa vimelala kwenye nyasi, vimekatwa, matumbo wazi kwa mara ya kwanza tangu siku zangu za haraka. Siku hizi magunia ya samaki wa chumvi hayapiti tena hapa. Samaki huondoka ziwani kwenye barafu, ndani ya malori yaliyofungwa, na watoto wa hapa hawajui gari linalonuka kabla ya kuonekana. Mto ule una maji kidogo. Nyanya na baba wamelala upande wa juu wa boma. Nilikuwa nikiwaza hayo wakati ndama wa jirani alipopenya kwenye ua, akatembea moja kwa moja hadi kwenye vile vyuma, akaingiza pua ndani ya kipande kikubwa, akaanza kulamba. Ile sauti ya kukwangua chungu. Wageni walicheka. Mimi niliokota kijiti nimfukuze.

"Owadwa," dada akasema kutoka kwenye kiti cha mbele, bila kugeuka. "Mwache amalize kazi yako."

Nikakitupa kijiti.