Mistari Sita ya Mjomba Enok

Paneeraq Løvstrøm aliisoma barua ya mjomba wake mara nne akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Ilikuwa mistari sita tu, ya penseli, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la kupimia samaki. Bado hakujua kama amesifiwa au ametukanwa.

Barua ilisema hivi:

"Paneeraq ni mtoto wa marehemu dada yangu.
Nimekwenda naye barafuni.
Hasumbui sana.
Mbwa hawamkatai.
Mwaka jana siku moja alitangulia mbele na hatukuzama.
Labda anaweza kufundishwa. Enok."

Barua hiyo ilikuwa ya kumpendekeza katika maombi yake. Katika mji mmoja wa bandari huko Ujerumani kulikuwa na mpango wa kuwafunza watafiti chipukizi wa nchi za barafu: miaka miwili, nafasi kumi na mbili kwa dunia nzima, na mwaka wa pili unakaa ndani ya meli iliyoachwa igande baharini kwa makusudi. Paneeraq alikuwa na shahada ya uzamivu ya elimu ya barafu, ya mwaka jana, na tangu hapo hana kazi ila vibarua vya kuwapimia wageni unene wa barafu. Asipopata nafasi hii, kazi yenyewe ya utafiti ilikuwa inamponyoka, na alijua. Waandaaji walitaka barua mbili. Moja ya mwalimu, ambayo ilishafika, imejaa sifa mpaka inanata. Nyingine ya "mtu aliyekuona kwa macho yake ukifanya kazi juu ya barafu". Mtu huyo ni mmoja tu, Enok, mvuvi wa samaki wa halibati katika kijiji cha Saattut, kisiwa kidogo cha kaskazini ambako bahari huganda, mwenye mbwa kumi na nne na maneno machache kuliko mbwa wake.

Sasa, huku kwetu Saattut mtu hasifiwi usoni. Anayekusifu kwa sauti unajiuliza anataka kuazima nini. Mwindaji akirudi na sili watatu anasema aliona kitu kidogo huko nje. Ukipewa supu tamu kuliko zote ulizowahi kula, unasema si mbaya, na mpishi anatembea wiki nzima kifua mbele. Kwa hesabu hiyo mistari ya Enok ingeweza kuwa sifa kubwa kupindukia. Lakini Enok huyohuyo aliwahi kusema "hasumbui sana" juu ya bwana mmoja wa hapa aliyechoma moto banda lake mwenyewe akijaribu kuyeyusha kufuli. Utaelewaje?

Mtu wa hapa angeelewa. Hilo ndilo lililomchoma Paneeraq, maana yeye ni mtu wa hapa. Amezaliwa nyumba ya pili kutoka gatini. Ila amekaa Copenhagen miaka kumi na mmoja, na masikio yake yamezoea watu wanaosema kila kitu mpaka mwisho. Huko alihudhuria hata semina ya watafiti chipukizi ambako mkufunzi aliwasimamisha mmoja mmoja wapaze sauti: mimi ni hodari kwa sababu hii na hii. Paneeraq alipaza. Kisha akaenda msalani akanawa uso, akakaa huko mpaka wenzake walipomaliza.

Kibaya zaidi, barua ilitakiwa itafsiriwe kwa Kiingereza, na mwalimu wa shule ya kijiji, anayetutafsiria siku zote, alikuwa likizoni. Mtafsiri akabaki yeye mwenyewe. Akiitafsiri neno kwa neno, wageni watamwona bure. Akiitafsiri kwa maana, maana gani, na nani amemwambia kuwa ndiyo? Alizunguka chumbani siku nzima, hajui ashike lipi aache lipi. Mwishowe akatafsiri neno kwa neno, akaituma Jumanne, akafunga kompyuta haraka haraka.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa Ulrike, katibu wa mpango, mama mmoja mpole ambaye walishazungumza mara mbili.

"Paneeraq, dada yangu, samahani. Hii barua ya mjomba wako. Umeisoma vizuri?"

"Nimeisoma."

"Mmegombana?"

"Hapana. Hatujagombana. Nadhani."

"Sikiliza, mimi si mmoja wa wanaochagua, kwa hiyo nakwambia kama dada. Ikiingia kikaoni hivi, wanakuweka pembeni kabla chai haijapoa. 'Hasumbui sana'? Wenzako wote wameandikiwa kwamba wao ni nyota. Huna mtu mwingine?"

"Mwingine aliyeniona barafuni ni mbwa."

Ulrike akacheka. "Basi mwambie aandike upya. Nakungoja mpaka kesho saa sita mchana, kwa saa za kwenu. Zaidi ya hapo siwezi."

Paneeraq alikata simu akafanya jambo ambalo hajalisimulia kwa wengi. Aliandika barua mwenyewe, kwa jina la Enok. "Mpwa wangu ni mtaalamu wa kipekee mwenye uwezo usio na kifani." Iliandikika kwa dakika kumi, kama vile ilikuwa inamngoja vidoleni. Alipoisoma akamwona Enok amevikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu wazima wa Ujerumani, amesimama na buti zake za uvuvi, hajui aangalie wapi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini hakuifuta.

Mchana alikwenda kula kwa mjomba. Enok alikuwa ameinamia meza upande mmoja, maana mgongo ulimshika alipokuwa akivuta kamba ya halibati. Mkewe, Batseba, aliyemlea Paneeraq na ambaye Paneeraq humwita Mama, alikuwa na kitambaa shavuni kwa jino, anapakua supu ya sili kwa mkono mmoja.

"Chipukizi wetu huyo," Enok akasema. Neno hilo lilimfurahisha tangu alipolisikia kwenye maombi. "Una miaka mingapi vile?"

"Thelathini na moja, mjomba. Wao wanahesabu kuanzia ulipomaliza shahada."

"Mbwa wa miaka hiyo angeshakufa mara tatu, bado wanamwita chipukizi."

"Mjomba." Paneeraq akaweka kijiko chini. "Nataka kukuuliza. Mimi barafu naijua, au siijui?"

Enok alimtazama kama mtu aliyeona mgeni akivua nguo katikati ya chumba. Akatazama supu. Akatazama dirisha. Kisha akainuka taratibu, mkono mgongoni, akachukua koti, akatoka kwenda kwa mbwa ambao walikuwa wameshakula.

"Wewe mtoto!" Batseba akamgeukia. "Unamuuliza mzee wa watu maneno gani hayo? Tena mbele za watu!"

"Watu gani, Mama? Tuko watatu tu."

"Ndio hao watu."

"Lakini Mama, kweli sijui! Ameandika kwamba labda naweza kufundishwa. Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Batseba akashika shavu. "Kula supu," akasema. "Jino linaniuma, sina nguvu ya kukulea tena."

Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Labda alikuwa amemuudhi. Labda mzee alitoka kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na hakutaka kulisema mbele ya mkewe. Kila alilowaza lilionekana kweli kwa muda wa kuvua kiatu kimoja, kisha la pili likaonekana kweli zaidi.

Alhamisi, siku ya mwisho yenyewe, kabla hajanywa kahawa, Enok akagonga mlango.

"Jino limemvimba usiku. Anatakiwa Uummannaq, hospitali. Helikopta hapandi, unamjua. Mimi mgongo huu hausimami. Mpeleke."

"Leo? Mjomba, leo saa sita nina..."

"Mbwa nimeshawafunga."

"Si wapo vijana wa pikipiki za theluji? Dakika arobaini wanafika!"

"Wapo," Enok akasema. "Wamekuja wawili kuomba wampeleke." Akageuka akaondoka, amejikunja kama msumari uliokosewa.

Paneeraq alikasirika, tuseme ukweli. Aliona anaadhibiwa. Anataka barua, anapewa mgonjwa. Akatia kompyuta ndani ya mkoba, akafunga koti, akaenda. Batseba alikuwa ameshakaa kwenye sleji, kile kigari cha kuburutwa na mbwa, juu ya ngozi za kulungu, amejifunga skafu mpaka puani. Enok hakuaga. Alimpa Paneeraq mtaimbo wa kupigia barafu, ule wake, wenye mpini uliong'aa kwa mkono wake, akaingia ndani.

Kwenda Uummannaq ni mwendo wa saa tatu barafu ikiwa njema. Ilikuwa njema mpaka kwenye rasi, pale ambapo mkondo hupita chini na kuila barafu kimya kimya. Theluji mpya ilikuwa imefunika kila kitu, nyeupe tupu, na juu yake alama za pikipiki zilikwenda moja kwa moja katikati. Paneeraq akasimamisha mbwa. Hakuipenda ile rangi. Angeulizwa kwa nini, asingeweza kueleza, na ana uzamivu wa jambo hilohilo. Akashuka, akatangulia, akapiga mtaimbo. Pigo la kwanza lilikuwa zito. La pili zito. La tatu likaitika kwa sauti nyembamba, na maji yakachungulia. Akarudi nyuma hatua kumi, akageuza mbwa, akaamua kuzunguka kwa mbali karibu na visiwa. Ingemgharimu saa nzima, na saa sita mchana ilikuwa inakuja. Akazunguka hata hivyo. Alikuwa akipiga na kutembea, anapiga na kutembea, hana nafasi ya kuwaza barua.

Walipofika barafu nene akageuka nyuma kumwomba Mama radhi kwa kuchelewa. Batseba alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

Paneeraq akasimamisha mbwa bila sababu.

Kila mtu wa Saattut anajua habari ya Batseba na rasi ile. Kaka yake alizama pale na mbwa wote, na Batseba akiwa msichana aliona kutoka sleji ya nyuma. Tangu siku hiyo hapiti pale ila Enok awe mbele kwa miguu, na hata hivyo hung'ang'ania mihimili ya sleji kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Mkwe wao aliwahi kuomba ampeleke, Enok akakataa, na ugomvi ule ulichukua mwaka. Miaka arobaini hajamkabidhi mtu mwingine yeyote mke wake kwenye barafu ya Machi kama hii.

Paneeraq akaelewa, au alidhani ameelewa, maana alishazoea kudhani. Machozi yakamtoka, yakaganda kwenye kope, akalazimika kuvua glavu ayabandue kwa vidole huku mbwa wakimtazama.

Batseba alipoingia kwa daktari ilikuwa imebaki robo saa. Paneeraq akakaa kwenye benchi la ukumbini, akafungua kompyuta mapajani. Ile barua ya mtaalamu wa kipekee akaifuta. Mistari sita akaiacha ilivyo, wala hakugusa nukta. Chini yake, kwa jina lake mwenyewe, akaongeza maneno haya: "Leo mwandishi wa barua hii amenipa mke wake nimvushe barafu, na mke wake alilala njiani." Akatafakari kama aeleze zaidi. Hakujua aanzie wapi, na dakika zilikuwa zinakwisha. Akatuma.

Ulrike alijibu kwa neno moja: "Imefika." Alimaanisha nini, Paneeraq hakujua. Alishachoka kukisia.

Batseba akatoka na pamba mdomoni. Daktari alikuwa amemng'oa jino moja la kushoto, akasema yapo mengine mawili ya kung'oa upande huohuo, yasubiri majira ya baridi yajayo, kidonda kipone kwanza.

"Umelala njia nzima, Mama," Paneeraq akamwambia.

"Sijalala," Batseba akasema kwa taabu. "Nilifumba macho."

Jibu la Ujerumani lilikuja mwishoni mwa Mei, barafu ilipokuwa imeanza kuwa nyeusi kando kando. Amekubaliwa. Alishuka mbio mpaka kwa mjomba, kisha akapunguza mwendo karibu na nyumba, kwa sababu hakujua atalisemaje bila kujipiga kifua. Enok alikuwa amekaa juani mlangoni, anashona hatamu za mbwa. Mgongo ulishapona.

"Wamesema niende," Paneeraq akasema.

"Aa."

"Kuanzia Septemba."

Enok akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Muda gani?"

"Miaka miwili."

Mzee akashona mishono mitatu, minne. Paneeraq alingoja. Alitaka aambiwe nenda, au aambiwe usiende, lolote, mradi liwe neno ambalo mtu anaweza kulishika.

"Vijana wa pikipiki watakuwapo, mjomba," akasema hatimaye. "Kwa yale meno mawili ya Mama. Majira ya baridi."

"Watakuwapo," Enok akasema.

Akageuza hatamu mkononi, akaipima kwa gumba, akaanza upande wa pili.

"Batseba atatafuna upande wa kulia kwa miaka hiyo miwili."