Leo nimekataliwa hata ugeni

Eish, leo Durban wamenikatalia hata ugeni!

Bosi wa shamba la wanyama ninalolinda aliniambia: "Papa, ukileta leseni ya kuwinda, swala mmoja ni wako."
Mimi, muwindaji wa Kongo! Wajukuu wangu wanasema ni uongo wa babu.

Nikaenda ofisi ya leseni. Binti wa dirishani akauliza, "Mkhulu," ni kusema babu, "wewe ni mwenyeji ao mgeni?"
"Miaka ishirini majirani wananiita mgeni. Andika mgeni."
Akageuza karatasi yangu ya ukimbizi. "Mgeni iko na pasipoti. Mwenyeji iko na kitambulisho. Wewe hauna hata kimoja."
"Basi niandike upande wa swala."
Hakucheka.

Nyuma yangu alikuwa mtalii mmoja, ameshuka juzi na ndege. Alipata leseni yake mbele ya mimi kumaliza kukunja karatasi zangu.

Nikamupigia bosi.
"Pole, papa. Jumamosi iko mtalii anakuja kupiga swala. Utamubebea. Kubeba hakuna leseni."

Nimekubali.

Jumamosi wajukuu watakuwa kwenye mlango wa shamba, wataona babu anaingia na swala begani.
Tafazali, nyinyi mulio hapa, musiwaambie nani alipiga.