Mbeba Maji Aliyetangulia Kileleni

Shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha baiskeli kwa mshahara. Wenzake wanamwita Mtungi. Kazi yake kwenye timu si kushinda, ni kubeba maji. Wenzake wakishikwa na kiu, anarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anajaza chupa ndani ya fulana mpaka anaota nundu, kisha anawafukuzia awagawie. Ameifanya kazi hiyo tangu hajaoa, na mwanawe wa kwanza sasa anavaa viatu vya saizi yangu.

Mwaka jana kwenye mashindano, siku ya mlima mrefu, nahodha, ambaye timu nzima humtumikia ashinde, aliamka anaharisha, na mlima ulipoanza akajitoa. Meneja akamwambia Mtungi kwenye redio ajiendee apendavyo. Mtu aliyezoea kupanda na mzigo ukimtua, usimuulize anakwenda wapi. Aliwapita wote, akafika kileleni peke yake.

Hapo ndipo alipoharibu. Mshindi akivuka mstari huanguka, hulia, hubebwa. Yeye alivuka, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akabeba chupa, akawateremkia waliokuwa bado wanapanda, akawagawia maji hadi wapinzani. Mazoea yana taabu. Televisheni ilionyesha yote, na mtangazaji akauliza, kwa upole kabisa, huyu bwana anatumia nini.

Akapimwa palepale kama ana dawa za kuongeza nguvu, akakutwa safi. Watu wakasema basi dawa yenyewe ni mpya. Akapimwa damu, safi tena. Wakasema kumbe ni ghali pia. Kinyozi wake alimnong'oneza amtafutie kidogo, ya mgongo.

Wapimaji wakaanza kumfuata nyumbani alfajiri, bila taarifa, ndivyo sheria yao inavyotaka. Mmoja lazima asimame chooni amtazame mpaka kikombe kijae. Siku moja walibisha hodi Mtungi akiwa ametoka kujisaidia sasa hivi, ikabidi wakae sebuleni wangoje maji yashuke upya. Dada aliwawekea viti.

"Kaka, kazi hii umeisomea?" akamuuliza yule wa chooni.

"Nimeisomea, dada."

"Na mama yako anajua?"

"Anajua niko maabara."

Dada akamwongezea chai.

Lililomnyima Mtungi usingizi ni mkataba, maana ulikuwa unaisha na meneja hapokei simu. Alipopokea, nilikwenda na shemeji ofisini kwake. Mimi ni mchuuzi wa baiskeli kuukuu; mtu anayeogopa kutaja bei namjua kwa anavyokohoa. Meneja alikohoa sana.

"Mimi namwamini," akasema. "Ila mfadhili wetu anauza rangi za nyumba, na inayomlisha ni nyeupe, haitaki doa."

Kwa kifupi, Mtungi arudi kwenye maji yake kwa msimu mmoja, na asishinde tena.

"Kubeba maji ndiyo kazi yake," nikamwambia. "Kutoshinda ni kazi ya ziada. Hiyo tutaifanya kwa misimu mitatu."

Tukakutana kwenye miwili. Mtungi alishika kalamu bila kuandika.

"Shemeji, nikisaini si wataona kweli nilikunywa dawa?"

"Usiposaini wataona hivyohivyo, na utakuwa huna kazi."

Akasaini.

Mwaka huu mlima ni uleule. Nahodha alikuwa mzima, akafika wa kwanza, akaanguka chini vizuri, akalia. Mtungi aliingia na kundi la nyuma, nundu mgongoni. Mtangazaji hakumung'unya maneno: watazamaji, tofauti mmeiona wenyewe, mtu akiacha dawa anarudi kwenye saizi yake. Majirani wakakubaliana naye. Kinyozi alimpa pole, akamwambia afya ni bora kuliko kombe.

Jioni aliporudi tuliangalia marudio, dada akiwa katikati yetu. Maneno yale yalipofika, Mtungi alipunguza sauti. Kisha akaniuliza kama mkataba unakataza kushika nafasi ya pili.

Nikamwambia haukuitaja.