Chai Niliyomnywesha Paka

Naungama: nilimwonea huruma paka wa watu, nikamnywesha chai ya maziwa kwenye kisosi, mama mwenye nyumba aliyenikaribisha akiwa jikoni. Mama huyo ni muuguzi mstaafu, hapa Sekei, na paka wake ana kisukari. Aliporudi alimtoboa sikio, akasoma kimashine cha kupimia sukari alicholetewa na mwanawe toka Nairobi, akaguna.

"Imepanda hivi? Leo namwongeza insulini."

Nikaona atamuua kwa kosa langu. "Mama, usimwongeze. Nimempa chai."

"Yenye sukari?"

"Vijiko vinne."

Akaweka sindano chini, akanikazia macho. "Lete na wewe kidole."

Akanitoboa, akasoma, akacheka mpaka akakaa. "Baba wewe, umemshinda hata paka."

Namshukuru Mungu, mimi na paka sote tunaendelea na dawa. Msomaji, ukikaribishwa chai, tafadhali imalize mwenyewe, halafu ukapime sukari.